Fyuzi iliyotulaza Makindu

KAMA umewahi kusafiri kwa gari kutoka Nairobi kwenda Mombasa, msomaji mpenzi, bila shaka umepita Makindu. Huenda hukusimama. Wengi wetu huupita mji huo tukisinzia, au tukihesabu kilomita zilizosalia kabla ya kufika Mtito Andei, mahali ambapo mabasi mengi husimama ili abiria wanyooshe miguu na kutia kitu tumboni. Mimi nami niliupita hivyo hivyo kwa miaka mingi. Kisha jioni moja ya mwezi wa Agosti, Makindu ikanisimamisha kwa nguvu. Nililala huko pamoja na familia yangu, na asubuhi yake nikafunzwa somo ambalo si vyema nilifungie moyoni peke yangu.

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika kisa hiki, mkuu mwenyewe alikuwa kidude kidogo cha plastiki chenye kipande chembamba cha madini ndani yake, ambacho bei yake haifiki hata ya kikombe cha chai katika hoteli ya mjini. Kinaitwa fyuzi. Kilinionya mara mbili, nami mara zote mbili nikakataa kusikia.

Safari ya kuchelewa

Tulikuwa tukienda Mombasa kuhudhuria harusi ya binamu ya mke wangu, iliyokuwa ifanyike Jumamosi. Nia yetu ilikuwa kuondoka Ijumaa alfajiri, lakini wewe waijua Nairobi. Mara kuna karatasi ya kutia sahihi kazini, mara suti iko kwa dobi na dobi hajafungua. Tulipotoka mjini ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Ndani ya gari letu dogo tulikuwa wanne: mimi nikishika usukani, mke wangu kando yangu na zawadi ya bibi harusi mapajani, na nyuma watoto wetu wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 480 hivi, na ina mengi ya kumwonyesha mtu asiyesinzia. Ukishapita Athi River, majumba yanakwisha ghafla na unajikuta katika mbuga pana za Kapiti, ambako jicho huona mbali mpaka likachoka. Mbele yake ni Salama, kisha Sultan Hamud, mji ambao hadi leo unabeba jina la Sultani wa Unguja aliyetawala kati ya mwaka 1896 na 1902, wakati ule ule reli ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani kwenda bara. Reli ya zamani inaambatana na barabara kwa masafa marefu, na siku hizi ndugu yake mdogo, reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, naye anaonekana akipita juu ya madaraja yake ya saruji. Msichana wetu alitaka kujua ni kwa nini hatukupanda treni. Nilimjibu kwamba gari lina uhuru wake. Laiti ningejua!

Tulifika Emali jua likitua. Huku kwetu karibu na ikweta giza halibishi hodi. Dakika moja unaona kilele cha mlima kwa mbali, dakika ya pili unaona taa za malori tu. Nami nikawasha zangu.

Hapa yafaa niungame jambo, msomaji, kwa sababu bila hilo kisa hiki hakieleweki.

Miezi mitatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nikilalamika kwamba taa za gari langu ni hafifu. Nilikwenda katika duka moja la vipuri nikanunua balbu kubwa. Zile za kawaida za gari langu ni za wati 60 kwa mwanga wa mbali na wati 55 kwa mwanga wa karibu. Nilizonunua zilikuwa za wati 100 na 90. Muuzaji alizisifu, nami nikajiona mjanja. Baada ya wiki moja fyuzi ya taa ikaungua. Nikatia nyingine ya kiasi kile kile, ampea 15, nayo ikaungua baada ya siku chache. Nilipokwenda gereji, sikumwuliza kijana wa pale kwa nini fyuzi inaungua. Nilimwambia, “Nitilie kubwa, isinisumbue tena.” Akanitilia ya ampea 30. Kweli haikunisumbua tena. Nilimpa na pesa ya soda juu yake.

Harufu

Tulikuwa tumeshapita Simba na tumekaribia Kiboko wakati mke wangu aliponusa hewa.

“Baba watoto, kuna kitu kinaungua.”

Nilimwambia ni breki za lori lililokuwa mbele yetu. Tukaenda kama kilomita mbili. Akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba harufu ile ni kama ya mshikio wa sufuria uliosahauliwa juu ya moto. Nikafungua dirisha. Harufu ikapungua, nami nikajifanya jambo limekwisha. Hata hivyo nilikuwa nimeanza kuona kwamba mwanga wangu wa barabarani unageuka kuwa wa manjano, na kwamba taa zinakonyeza kila gari linaporuka shimo dogo.

Ghafla taa zote mbili za mbele zikazimika.

Sijui kama umewahi kujikuta gizani katika barabara ya Mombasa ukienda kwa kasi ya kilomita 70 kwa saa, nyuma yako basi na mbele yako trela. Sikuombei. Taa za lile trela ndizo zilizonionyesha ukingo wa lami, nikaufuata mpaka magurudumu yakaingia kwenye changarawe, gari likasimama. Basi lilitupita likipiga honi kwa hasira. Hapo ndipo nilipoona uzi wa moshi ukitoka chini ya usukani.

Mke wangu alikuwa ameshawatoa watoto. Aliwapeleka mbali na barabara, nyuma ya kichaka, akawakalisha juu ya kanga yake. Nami nilizima injini, nikatoa ufunguo, nikachukua spana kwenye buti na kufungua waya wa upande wa hasi wa betri. Moshi ukakata. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka hata nikaiangusha spana mara mbili.

Nilimulika kisanduku cha fyuzi kwa tochi ya simu. Fyuzi ya taa ilikuwa nzima, inang'aa kama mpya! Nikawaza: ikiwa fyuzi ni nzima, basi hitilafu ni ndogo, naweza kuunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, tujikokote hadi mji ulio mbele. Nilimweleza mke wangu wazo hilo. Alinitazama kwa muda.

“Wewe endelea,” akasema. “Mimi na watoto hatuingii ndani ya gari hilo.”

Ni lori lililotuokoa. Dereva wake, Mswahili wa Mombasa aliyevaa kikoi, alisimama bila hata kupungiwa mkono. “Poleni sana, jamani,” akasema, kisha akaomba tochi. Aliing'oa ile fyuzi, akasoma namba iliyoandikwa mgongoni mwake, akatikisa kichwa na kuitia katika mfuko wa shati langu bila ya kutamka neno. Fyuzi ya taa ikishatoka, umeme haungeweza tena kufika kwenye mahali palipoungua, kwa hiyo akaniruhusu nirudishe waya wa betri ili taa za tahadhari zipate kuwaka. Watoto na mama yao wakapanda kwake. Akanifunga kamba, akanivuta polepole. Hivyo ndivyo tulivyoingia Makindu, taa zetu za tahadhari zikipepesa kama macho ya mgonjwa.

Sahani ya dengu

“Mkalale hekaluni,” alituagiza dereva huyo. “Hapo hamtaulizwa kitu.”

Hekalu alilolisema ni la Masingasinga, lile jeupe lililo kando ya barabara kuu. Lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Ukitaka kujua ni vipi watu wa Punjab walifika katika nchi hii ya mikindu (na mji wenyewe umepata jina lake kwa mikindu hiyo, ambayo makuti yake husukiwa mikeka na vikapu), basi lazima urudi kwenye reli ile ile niliyokutajia. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na wapatao 2,500 walifia huku, wengi wao kwa maradhi. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo Masingasinga waliokuwa mafundi wa chuma na mbao. Watoto na wajukuu wao wakaja kuwa mafundi wa magari waliosifika kote nchini. Singasinga mwenzao, Joginder Singh, alishinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, katika barabara zilizowashinda wageni wengi kutoka Ulaya.

Tulivua viatu, tukafunika vichwa kwa vitambaa, tukakaribishwa. Hakuna aliyetuuliza dini yetu wala kabila letu. Tulipewa dengu, wali, chapati na chai ya maziwa. Desturi hii ya kumlisha kila mgeni bila malipo huitwa langa, na Masingasinga huifuata popote walipo na hekalu. Nyama haiko, pombe na sigara ni marufuku, na anayependa kutoa mchango hutoa kwa hiari yake. Kando yetu walikula dereva wa matatu, akina mama wawili waliokuwa wakipeleka maembe mjini, na wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Mvulana wetu alikula chapati tatu akalala hapo hapo huku ya nne ikiwa mkononi.

Mimi usingizi haukunijia upesi. Niliitoa ile fyuzi mfukoni nikaitazama. Ilikuwa nzima kabisa. Ndiyo kwanza nikaanza kujiuliza: ikiwa kitu kimeungua mpaka kikatoa moshi, mbona fyuzi haikukatika?

Fundi chini ya mti

Makindu iko kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, chini sana kuliko Nairobi, na jua lake huanza kazi mapema. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeshalisukuma gari hadi kwa fundi wa waya tuliyeelekezwa, mzee wa Kikamba mwenye nywele nyeupe, aliyefanyia kazi yake chini ya mti pamoja na wavulana wawili. Alituambia kwamba ujanani alifunzwa kazi na Singasinga mmoja katika gereji ya Nairobi, na kwamba jambo la kwanza alilofunzwa ni kuweka mikono mfukoni.

“Kwanza uliza, kijana wangu,” alisema. “Halafu nusa. Halafu tazama. Spana huja mwisho.”

Akaniuliza ni kitu gani kilichobadilishwa katika gari hilo hivi karibuni. Nikajikuna kichwa, nikamtajia balbu. Akaniuliza kuhusu fyuzi. Nikamkabidhi. Aliishika baina ya vidole viwili, akaiinua ili mke wangu naye aione.

“Mbwa wako alikuwa akibweka usiku,” akasema, “nawe ukamfunga mdomo ili upate usingizi. Mwizi akaingia.”

Mke wangu hakusema neno. Ingekuwa afadhali kama angesema.

Kisha mzee akaanza kazi, nami nakusimulia taratibu yake kwa sababu ndiyo niliyotaka uipate.

Alifungua waya wa betri kwanza. Akaondoa plastiki iliyo chini ya usukani na kuichomoa swichi ya taa. Msomaji, swichi hiyo ilikuwa imeyeyuka upande mmoja kama mshumaa. Plagi inayoingia nyuma yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na vidomo vyake viwili vya shaba vilikuwa vyeusi. Aliupinda waya mmoja, na gome lake la plastiki likavunjika kama ganda la yai. Sentimita chache kutoka hapo palikuwa na zulia la sakafu na sponji iliyo chini yake.

Akatuchorea hesabu mchangani kwa kijiti. Umeme wa gari ni wa volti 12. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Ukigawa kwa 12 unapata ampea 10. Hicho ndicho kiasi ambacho waya na swichi za gari langu zilitengenezwa kukibeba, na fyuzi ya 15 inatosha kuzilinda. Balbu zangu mbili za wati 100 ni wati 200. Gawa kwa 12, unapata karibu ampea 17. Ndiyo maana fyuzi ya 15 ilikuwa ikikatika. Ilikuwa ikifanya kazi yake.

“Lakini ampea saba za ziada zinaweza kuyeyusha swichi?” nikauliza.

Akaeleza kwamba joto halipandi sawasawa na umeme. Umeme ukizidi mara mbili katika kiungo kile kile, joto huzidi mara nne. Kutoka ampea 10 hadi 17, joto la kila kiungo linakuwa karibu mara tatu. Na kiungo kikishapata joto, hulegea na kushika kutu; kikilegea, humzuia umeme zaidi; ukizuiwa, joto huzidi tena. Ni mduara mbaya. Fyuzi ya 30 hukaa ikiutazama tu, kwa sababu ampea 17 kwake ni mzigo mdogo.

Alifunga swichi nyingine, aliyoitoa katika gari lililokwisha kufa, pamoja na plagi yake na waya mpya wa unene ule ule. Akatia fyuzi ya 15. Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Kabla ya kuziondoa balbu zangu kubwa, aliwasha injini na taa, akachukua mita yake ya kupimia umeme. Kwenye betri mita ilisoma volti 13.9. Kwenye mlango wa balbu ilisoma 11.6. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zikipotea njiani.

“Sasa tutafute zinapotelea wapi,” akasema, kama mtu anayemtafuta mbuzi.

Alipima kipande baada ya kipande: kutoka betri hadi fyuzi, kutoka fyuzi hadi swichi, kutoka swichi hadi taa. Kila pahali palipotea kidogo. Kisha akapima upande wa kurudi, yaani waya mweusi unaotoka kwenye taa na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri, ule ambao mafundi huuita athi. Hapo palikuwa pakipotea karibu volti nzima. Akaifungua bolti. Chini yake palikuwa na kutu nyekundu kama udongo wa Makindu. Alipasugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akapaka grisi na kufunga tena.

Ndipo akazitoa balbu kubwa na kutia zile za wati 60 na 55. Alikiendesha kivuli cha mti kitupe giza kidogo kwa kushikilia gunia mbele ya taa, akaniita nitazame. Mwanga ulikuwa mweupe na imara. Ulikuwa bora kuliko ule wa balbu zangu za sifa.

“Volti zikipungua sehemu moja ya kumi tu,” alisema, “mwanga hupungua karibu thuluthi moja. Taa zako hazikuwa ndogo. Zilikuwa na njaa. Badala ya kuzilisha, ukaleta walaji wakubwa zaidi.”

Naam. Hitilafu yangu ya kwanza ilikuwa kutu chini ya bolti moja, kazi ya msasa wa dakika kumi. Yote yaliyofuata niliyaleta mwenyewe.

Mkono ndio mita yako

Kabla ya kutuachilia, mzee aliziacha taa zikiwaka kwa nusu saa huku injini inanguruma. Kisha akazizima, akanishika mkono na kuupeleka nyuma ya swichi, kwenye plagi, kwenye fyuzi. Vilikuwa na uvuguvugu tu. Kitu cha umeme kikiwa na uvuguvugu, alisema, kiko kazini. Kikikuunguza hata ukautoa mkono, kinaumwa, hata kama bado kinafanya kazi.

Nilimwuliza afanyeje mtu anayetaka taa kubwa kwa lazima. Alijibu kwamba mzigo mkubwa haupitishwi kwenye swichi. Hufungwa rilei, ambayo hupitisha umeme mwingi kwa waya mnene kutoka kwenye betri, na waya huo uwe na fyuzi yake karibu na betri. Swichi ibaki ya kutoa amri tu. Lakini akaniuliza nimfikirie na dereva anayetoka upande wa pili, anayepofushwa na taa hizo. Sikuwa nimemfikiria.

Nami nakuachia wewe, msomaji, niliyoyaandika katika daftari pale chini ya mti. Fyuzi ikiungua mara moja, tia nyingine ya namba ile ile. Ikiungua tena, simama utafute sababu. Usitie kubwa, usitie waya, wala usitie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ukinusa plastiki ikiungua, usibishane na pua ya mwenzako. Egesha gari mbali na lami, zima injini, toa watu kabla ya kutoa mizigo. Ukiweza, fungua upande wa hasi wa betri. Moto ukiwa umewaka chini ya boneti, usiifungue wazi, kwa maana utauongezea hewa. Iachie kidogo tu upulizie kizima-moto cha unga. Usimwage maji kwenye umeme. Na moto ukikushinda, liache gari liungue. Gari hununuliwa.

Tuliondoka Makindu saa sita mchana. Mzee alitaka shilingi 1,800 kwa kazi na waya; swichi alitupa kwa bei ya kirafiki. Tulipita Kibwezi na Mtito Andei, tukakiona kichuguu baada ya kichuguu na mbuyu baada ya mbuyu, tukavuka mto Tsavo, na hatimaye Voi na Mariakani. Tulifika Mombasa saa kumi na mbili jioni. Harusi ilikuwa imekwisha. Sinia zilikuwa zimeoshwa na kuinamishwa ukutani, na bibi harusi alikuwa ameondoka. Mke wangu alimkabidhi mama wa bibi harusi ile zawadi mlangoni, akaeleza kwa maneno machache kwamba gari liliharibika njiani. Hakueleza zaidi ya hapo, nami nilimshukuru kimoyomoyo.

Tuliporudi Nairobi tulipita hekaluni mchana, tukala dengu na kuacha tulichokuwa nacho. Ile fyuzi ya 30 nimeipachika kwa gundi juu ya dashibodi, mahali ninapoiona kila nikiwasha gari. Wiki iliyopita fyuzi ya redio iliungua. Mvulana wetu, ambaye sasa anajiona fundi, alichungulia kisandukuni na kuniuliza kama tutatia kubwa.

Kabla sijafungua kinywa, dada yake alikuwa ameshamjibu: “Kwanza uliza. Halafu nusa.”